Kupima hisa za kampuni ya afya kabla hujatoa hela yako: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa parachichi ukiisha, simu yangu inaanza kuita. Mtu kauza mzigo Rungwe au Njombe, kalipa madeni, kabakiwa na milioni mbili tatu, sasa anataka hisa. Karibu nusu yao wanakuja na wazo lile lile: "Kaka, watu hawaachi kuumwa. Hospitali zimejaa kila siku. Si ninunue hisa za kampuni ya afya nitulie?" Wiki iliyopita kaniuliza shemeji yangu wa Tukuyu, juzi mwalimu mmoja wa Mafinga. Nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena nitume hiki.

Jibu fupi ni kwamba watu hawaachi kuumwa, kweli, ila anayeumwa mara nyingi siye anayelipa, na anayelipa halipi siku hiyo. Ukilishika hilo, hatua zote hapa chini utaona zinafanya kazi moja tu: kuifuata shilingi kutoka kitandani mpaka benki.

Mimi si dalali wa hisa wala mshauri mwenye leseni. Ni mtu wa hesabu ninayeishi Mbeya, nimenunua hisa miaka kadhaa na nimeumia zaidi ya mara moja.

Andaa kwanza

- Ripoti za mwaka zilizokaguliwa, angalau tatu mfululizo. Tano ni bora zaidi. Ni bure, ziko kwenye tovuti ya kampuni au ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE).
- Kikokotoo cha simu, daftari, na jioni mbili zisizo na kelele.
- Riba ya sasa ya hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani mikopo ambayo serikali inachukua kwa wananchi na kuilipia riba. Benki Kuu hutangaza matokeo ya kila mnada. Utaihitaji hatua ya 7.
- Akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako kwa jina lako, ambayo hufunguliwa kupitia dalali mwenye leseni au programu ya simu ya DSE, Hisa Kiganjani. Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar. Na kwa kuchambua tu hata hiyo akaunti bado huihitaji.
- Hela ambayo hutaigusa kwa miaka mitatu. Ada ya Januari si hela hiyo. Hela ya mbolea pia si hiyo.

Hatua ya 1: Jua inauza nini hasa

"Afya" ni jina la mtaa, si la nyumba. Mtaani humo kuna hospitali na maabara, wanaouza huduma. Kuna viwanda vya dawa. Kuna wauza vifaa na gesi za tiba. Na kuna bima ya afya. Hawa wote hawapati faida kwa njia moja. Hebu fikiria bima: yenyewe inanufaika pale mwanachama *asipougua*. Kwa hiyo ile hoja ya "watu hawaachi kuumwa" ukiipeleka kwenye hisa za bima, umeshika kisu kwenye makali.

Kwenye ubao wa DSE usitafute hospitali, hutaipata. Kilicho karibu ni TOL Gases, kampuni ya kwanza kuorodheshwa soko lilipoanza biashara Aprili 1998, ambayo miongoni mwa bidhaa zake ni oksijeni ya hospitali. Ipo pia Jubilee Holdings, kundi la bima la Nairobi ambalo hisa zake zimeorodheshwa Dar vilevile.

Watu wa Rungwe TOL mnaijua kwa upande mwingine: ndiyo inayovuna kaboni dayoksaidi kutoka ardhini huko kwenu, gesi ile inayokwenda kutia povu kwenye soda. Hapo ndipo pa kusimama. Mtu akikuambia hiyo ni hisa ya afya, fungua ripoti utafute mapato yamegawanyikaje. Oksijeni ya wodini kiasi gani? Gesi za mafundi wa kuchomelea kiasi gani? Kaboni ya viwanda vya vinywaji kiasi gani? Watu wakipunguza kunywa soda, hesabu za kampuni kama hiyo zinaweza kutikisika huku wodi zimejaa pomoni. Sisemi ni mbaya, wala sisemi ni nzuri. Nasema ujue unanunua nini.

Zoezi: andika sentensi moja, "Kampuni hii inamuuzia fulani kitu fulani, naye analipa baada ya siku kadhaa." Ukishindwa kuijaza, usiendelee na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Nani analipa, na nani anapanga bei

Muuza mbao wa Mafinga akiona dizeli imepanda, kesho yake bei ya mbao imepanda. Hospitali haina uhuru huo. Sehemu kubwa ya wateja wake wanakuja na kadi, na mwenye kadi ndiye anayesema kumwona daktari ni shilingi ngapi, kipimo fulani ni shilingi ngapi. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita chake kipya, yaani orodha ya huduma na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo zikidai bei hizo hazitoshi gharama. Nani alikuwa na haki si mada yetu. Jambo la kuondoka nalo ni kwamba mapato ya hospitali yanaweza kubadilika kwa waraka mmoja.

Kwa hiyo tafuta kwenye ripoti: ni asilimia ngapi ya mapato inatoka kwa mlipaji mmoja? Mimi ikizidi 50 naanza kuwa mgumu. Kwa kiwanda cha dawa, uliza kama mnunuzi mkuu ni Bohari ya Dawa (MSD) au maduka ya mtaani. Kwa bima, geuza swali: katika kila shilingi 100 ya michango, ngapi zinarudi kulipa matibabu? Zikikaribia 100, hawajabaki na kitu cha kulipia hata umeme.

Utasikia sana kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwamba sasa kila mtu atakuwa na kadi na hisa za afya zitapaa. Inawezekana wagonjwa wakaongezeka. Lakini wagonjwa wengi kwa bei iliyopangwa na mwingine ni biashara tofauti kabisa na wagonjwa wengi kwa bei yako.

Hatua ya 3: Anza na fedha taslimu, faida baadaye

Hii ndiyo hatua wanaoanza wanairuka, na ndiyo ningekuomba uikalie jioni nzima.

Rafiki yangu ni mhasibu wa kituo cha afya cha binafsi hapa mjini. Siku moja nilimkuta kakaa sakafuni kazungukwa na maboksi ya fomu za bima. Boksi moja lilikuwa la zilizorudishwa: hii haina sahihi ya daktari, hii namba ya kadi imekosewa tarakimu moja, hii dawa iliyoandikwa hailingani na ugonjwa. Kila fomu ilikuwa na duara la kalamu nyekundu. "Unaona haya?" akaniambia. "Kwenye vitabu vyangu haya yote ni mapato ya mwezi wa tatu." Ilikuwa Septemba.

Ndivyo faida ya kwenye karatasi inavyozaliwa. Mgonjwa kahudumiwa, mapato yakaandikwa, shilingi haijaingia. Mishahara ya manesi haingoji fomu zirudi.

Sasa chukua kampuni ya kubuni, tuiite Kampuni ya Mfano, yenye hospitali tatu. Hesabu zake kwa shilingi:

- Mapato: bilioni 34 mwaka juzi, bilioni 40 mwaka jana
- Faida kabla ya riba na kodi, mwaka jana: bilioni 7.6
- Riba ya mikopo: bilioni 1.9
- Kodi ya 30%: bilioni 1.7
- Faida halisi: bilioni 4
- Fedha taslimu zilizotokana na shughuli: bilioni 1.2
- Inazowadai wateja (madai): bilioni 8 mwaka juzi, bilioni 14 mwaka jana
- Idadi ya hisa: milioni 50
- Bei sokoni: shilingi 960

Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Huwa karibu na mizania (taarifa ya mali na madeni), na ina mafungu matatu: shughuli, uwekezaji, ufadhili. Angalia fungu la kwanza. Kampuni ya Mfano inasema imepata faida ya bilioni 4, ila shughuli zimeleta bilioni 1.2 tu. Zile nyingine ziko wapi? Ziko kwenye maboksi.

Pima kwa siku: madai gawanya kwa mapato, zidisha 365. Mwaka juzi, 8 kwa 34 ni siku 86. Mwaka jana, 14 kwa 40 ni siku 128. Mapato yamekua, vigelegele vimepigwa kwenye mkutano mkuu, kumbe ukuaji wenyewe ni wa mkopo.

Tahadhari: mwaka mmoja hautoshi kuhukumu. Mlipaji mkubwa akichelewa wiki mbili mwisho wa mwaka, picha inaharibika. Ndiyo maana nimesema ripoti tatu. Fedha taslimu ikiwa chini ya faida miaka mitatu mfululizo, hapo si ajali tena.

Hatua ya 4: Chimba madai yenyewe

Nyuma ya ripoti kuna kurasa za maelezo ya hesabu, zile ndogondogo za kuchosha macho. Tafuta jedwali linalogawa madai kwa umri: siku 30, 90, zaidi ya 180. Tuseme Kampuni ya Mfano ina bilioni 3 zilizozidi siku 180, na imetenga bilioni 0.5 tu kwa yasiyolipika.

Jiulize kama mkopeshaji wa mtaani. Deni la miezi sita lililojaa fomu zenye kalamu nyekundu, utalipwa lote? Mimi ningekata nusu: bilioni 1.5 zimepotea, 0.5 zilishatengwa, imebaki bilioni 1 ya hasara ambayo bado haijaandikwa. Ukiondoa nafuu ya kodi ni kama bilioni 0.7. Faida ya kweli basi ni bilioni 3.3, si 4. Kwa hisa milioni 50, kutoka shilingi 80 kwa hisa unashuka hadi 66.

Andika namba zote mbili daftarini. Tutazirudia.

Hatua ya 5: Mikopo, na inalipwa kwa sarafu gani

Gawanya faida kabla ya riba na kodi kwa riba: 7.6 kwa 1.9 ni mara 4. Inapumua. Ikishuka chini ya 2, kila shilingi ya pili inamfanyia kazi mwenye benki.

Halafu uliza sarafu. Mashine ya CT hununuliwa kwa dola au euro, mgonjwa analipa shilingi. Shilingi ikishuka, deni linapanda bila mtu kukopa tena.

Na mikopo isiyoonekana ipo. NMC Health ilikuwa kampuni kubwa ya hospitali za Falme za Kiarabu, iliyoorodheshwa London mwaka 2012. Ilikuwa imetaja madeni ya takriban dola bilioni 2.1. Machi 2020 ikaonekana ni kama bilioni 6.6, na Aprili ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Wagonjwa walikuwepo, majengo yalikuwepo. Mwekezaji wa kawaida asingeweza kulifichua hilo peke yake, lakini dalili moja inaonekana hata ukiwa Mbalizi: kampuni inayojisifu kuwa na fedha nyingi benki huku ikiendelea kukopa kwa riba kubwa. Ukiona hivyo, jiulize kwa nini hailipi deni kwa hizo fedha zake.

Hatua ya 6: Je, faida hii itarudi mwakani?

Mfano ninaoupenda ni Pfizer, kampuni ya dawa ya Marekani. Mwaka 2022 mapato yake yalizidi dola bilioni 100, kwa nguvu ya chanjo na dawa ya Uviko-19. Mwisho wa mwaka huo bei ya hisa ilikuwa kama mara tisa tu ya faida ya mwaka ya hisa moja, na waliotazama namba hiyo peke yake waliona bei ya kutupa. Mwaka 2023 mapato yakawa kama bilioni 58.5, na faida ikaporomoka kutoka zaidi ya bilioni 31 hadi kama bilioni 2. Hisa haikuwa rahisi hata kidogo. Faida ndiyo ilikuwa ya msimu.

Kwa dawa kuna na hataza, haki ya kuuza bila mshindani, ambayo kwa kawaida ni miaka 20 tangu maombi yafunguliwe, na mingi kati ya hiyo huliwa na majaribio. Humira, dawa ya kampuni ya Marekani AbbVie, iliingiza zaidi ya dola bilioni 21 mwaka 2022. Washindani walipoingia soko la Marekani mwaka 2023, ikashuka hadi kama bilioni 14. Ukipima kampuni ya dawa, uliza dawa yake kubwa inabeba asilimia ngapi ya mapato na hataza inaisha lini. Hilo tu litakuokoa na mengi.

Kwa hospitali swali ni dogo zaidi: kuna mapato ya mara moja humo ndani? Wameuza kiwanja? Kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa? Yaondoe.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo uangalie bei

Mtu akikuuzia shamba la miti Mufindi, huulizi bei ya ekari peke yake. Unauliza miti ina umri gani, barabara ya kuzuia moto ipo, lori linafika masika. Yote uliyofanya mpaka hapa ndiyo hayo maswali. Bei inakuja mwisho.

1. Gawanya bei kwa faida ya hisa moja. 960 kwa 80 ni mara 12. Kwa faida uliyoisafisha, 960 kwa 66, ni mara 14.5.
2. Tafuta kipimo cha nyumbani. Hati fungani ikilipa 12%, gawanya 100 kwa 12: unapata mara 8.3. Yaani serikali inakuuzia shilingi moja ya mapato kwa shilingi 8.3, na hailali wodini.
3. Kampuni inayokua inastahili zaidi ya hapo kidogo, kwa sababu riba ya hati fungani haikui. Mimi kwa Kampuni ya Mfano ningetoa kati ya mara 8 na 11.
4. Bei ya chini: 66 mara 8 ni shilingi 528. Bei ya juu: 80 mara 11 ni shilingi 880.

Soko linaomba 960. Hata kwa matumaini yote bado ni ghali. Unaiandika daftarini, unasubiri.

Gawio pia, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Tuseme inalipa 32 kwa hisa. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ni 5% kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE, unabaki na 30.40. Kwa bei ya 960 hiyo ni kama 3.2%. Na kumbuka imeleta fedha taslimu bilioni 1.2 huku gawio lote ni bilioni 1.6. Tofauti hiyo wameitoa wapi? Rudi hatua ya 5.

Tahadhari: usitafute namba moja kamili. Anayekuambia "thamani halisi ni shilingi 743" anakudanganya au anajidanganya. Kati ya 528 na 880 ni pana, najua. Ndivyo ilivyo.

Hatua ya 8: Kabla ya kununua, angalia kama utaweza kuuza

Hapa niliumia mwenyewe. Mwaka fulani nilinunua hisa za kampuni isiyozungukwa sana sokoni. Desemba nikaweka oda ya kuuza nikitegemea ada ya Januari. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili zikaondoka hisa 40. Ubaoni bei ilikuwa nzuri kabisa, sema hakuwepo mtu wa kuilipa. Ada nililipa kwa mkopo wa SACCOS, hisa zikaja kuuzika Machi.

Kwa hiyo kwa mwezi mzima andika kila siku zimeuzwa hisa ngapi. Ukitaka kununua 1,000 na kwa wiki zinauzwa 200, nunua kidogokidogo, na ujue kutoka kutakuwa kugumu kuliko kuingia. Weka oda yenye bei uliyoitaja mwenyewe, usiache soko likuamulie.

Ukikwama

*Ripoti ni ya Kiingereza na siielewi.* Hesabu zina mpangilio ule ule kila mwaka na kila kampuni. Kaa na mtu anayejua mara moja, weka alama kwenye mistari saba ya kwanza ya Kampuni ya Mfano hapo juu. Mwaka ujao utaiona mwenyewe.

*Bei ni mara 3 tu ya faida, si nafuu?* Huenda. Kwanza rudia hatua ya 6. Shamba la bei ya kutupa mara nyingi ni lile ambalo lori halifiki masika.

*Kampuni ina hasara, nitapimaje?* Kwa njia hii huwezi. Kampuni nyingi za kutafiti dawa mpya zinaishi hivyo miaka mingi, na dawa nyingi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu hazifiki dukani. Kama ndiyo kwanza unaanza, ziache.

*Mkaguzi ameandika mashaka kwenye ripoti.* Soma aya yake neno kwa neno. Akitilia shaka kampuni kuendelea kuwepo, funga daftari.

*Kuna kundi la WhatsApp linauza hisa za hospitali, faida 10% kwa mwezi.* Uliza wana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), kisha hakikisha kwa CMSA wenyewe, si kwa picha ya cheti waliyokutumia. Hisa za kweli zinaingia kwenye akaunti yako ya CDS kwa jina lako. Kama zinaingia kwenye "pochi" ya programu yao, hukununua hisa.

*Nimefanya yote na bado sijui ninunue au nisinunue.* Kawaida tu. Shemeji wa Tukuyu naye kafika hapo juzi. Kaweka hela yake benki, kaandika bei anayoitaka kwenye karatasi, kaibandika kwa ndani ya mlango wa kabati. Ripoti ya mwaka ikitoka tutakaa tena na kikokotoo.